Sanduku la Cranmere: Historia ya Kutafuta Barua Zilizofichwa katika Nyika ya Dartmoor

Miongoni mwa desturi za matembezi zilizozaliwa Ulaya katika karne ya 19, ni chache zilizobadilika tabia kama ile ya kutafuta masanduku ya barua yaliyofichwa nyikani, kwa kuwa ilianza kama njia ya mabwana wenye nafasi kuthibitisha kwamba wamefika mahali pagumu kufikika, na baada ya karne moja na nusu ikawa mchezo wa kutegua mafumbo unaoweza kuchezwa na babu na mjukuu wake kandokando ya kijito cha mjini. Chimbuko lake ni Dartmoor, nyika ya nyanda za juu iliyoko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 950 na iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Hifadhi hiyo isifikiriwe kwa mfano wa Serengeti au Tsavo, kwani ndani yake mna vijiji, mashamba, makanisa na hata gereza kongwe katika mji wa Princetown lililojengwa kwa ajili ya mateka wa vita vya Napoleon. Na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mali ya Duchy of Cornwall, milki ambayo kwa kawaida hushikwa na mrithi wa kiti cha ufalme.

Msingi wa nyika hiyo ni mwamba wa graniti, ambao katika vilele vingi umejitokeza juu ya ardhi kama marundo makubwa ya mawe yaliyopangana, na wenyeji huyatambua kila moja kwa jina lake, kama vile Yes Tor, Belstone Tor na Fur Tor. Kilele kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621 tu, kimo ambacho kwa mtu aliyezoea milima ya Afrika Mashariki ni kilima kisichostahili kutajwa. Hata hivyo ugumu wa Dartmoor haukuwahi kuwa katika kimo, bali katika udongo na hali ya hewa. Katikati ya upande wake wa kaskazini ardhi imefunikwa na mboji nzito, yaani masalia ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa kwa sababu ya kulowa maji daima, na mboji hiyo imekatwakatwa na mifereji isiyo na mpangilio, ambamo mtembeaji hushuka, huzama hadi magotini, hupanda na kukuta mfereji mwingine mbele yake. Ukungu ukishuka, jambo linaloweza kutokea katika msimu wowote, vilele vyote hupotea machoni, na anayetembea bila dira hana namna ya kujua anakokwenda.

Ndani ya eneo hilo la mboji kuna bonde dogo linaloitwa Cranmere Pool, ambalo licha ya kuitwa bwawa halina maji ya kutosha kuitwa hivyo, kwa kuwa kingo zake zilikwisha kupasuka na maji yakatoka. Mito kadhaa ya Devon, ukiwamo Taw na tawi la mashariki la mto Dart, huanzia karibu na hapo. Watu wa nyikani walikuwa na maelezo yao kuhusu kukauka kwa bwawa: walisimulia kwamba mzimu wa Benjamin Gayer, aliyekuwa meya wa mji wa Okehampton, ulihukumiwa kulichota lote kwa kutumia chekeche, kazi ambayo ilikusudiwa isimalizike milele, lakini mzimu huo ukapata ngozi ya kondoo, ukaitandika ndani ya chekeche na kumwaga maji kwa kasi iliyoufurikisha mji. Hadithi hii inafaa kukumbukwa, si kwa ukweli wake, bali kwa sababu inaonyesha kwamba kabla ya sanduku lolote kuwekwa Cranmere, mahali hapo palikuwa tayari na sifa: palikuwa pa mbali, pa kutisha, na pa kusimuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kupafikia.

Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wa James Perrott, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufariki mwaka 1895, mkazi wa mji mdogo wa Chagford ulioko ukingoni mwa nyika. Perrott alikuwa mvuvi hodari wa samaki wa mitoni na alijipatia riziki kwa kuwaongoza wageni, kazi iliyokuwa ikianza kupata soko katika miaka ambayo Waingereza wa tabaka la kati na la juu walikuwa wamejifunza kuzitazama nyika na milima kama mahali pa starehe na si pa kuepukwa. Kutoka Chagford hadi Cranmere ni kama kilomita 10 kwa mstari ulionyooka, lakini hakuna mtu anayetembea kwa mstari ulionyooka katika mboji, hivyo safari ya kwenda na kurudi ilichukua siku nzima na haikuwezekana kwa mgeni asiye na kiongozi. Mwaka 1854 Perrott alijenga rundo la mawe Cranmere na kuweka ndani yake chombo cha kioo, ili wateja wake waache humo kadi zao za majina, yaani vile vikadi vilivyochapwa jina na anwani ambavyo muungwana wa enzi hizo alivikabidhi kwa mtumishi mlangoni alipokwenda kumtembelea mtu.

Wazo la chombo chenye majina juu ya mlima halikuwa geni kabisa, kwani katika milima ya Alps wapandaji wa miaka hiyohiyo walikuwa wakiacha majina yao ndani ya chupa kwenye vilele, na klabu ya kwanza ya wapanda milima, Alpine Club, ilianzishwa London mwaka 1857, miaka mitatu tu baada ya chombo cha Perrott. Tofauti ni kwamba Cranmere si kilele. Ni shimo katikati ya tope, lisilo na mandhari ya kumlipa aliyefika, na kwa hiyo kadi iliyoachwa pale haikusema kwamba mwenyewe amepanda juu kuliko wengine, bali kwamba amevuka yale ambayo wengine waliyakwepa. Bila ya kadi, safari ya Cranmere isingekuwa na ushahidi wowote isipokuwa viatu vilivyoharibika. Na si vigumu kuona kwamba kiongozi mwerevu alinufaika na ushahidi huo kuliko wateja wake, maana kila kadi ilikuwa tangazo la kazi yake.

Ili kuelewa jinsi chombo cha kadi kilivyogeuka kuwa sanduku la barua, ni lazima kuitazama posta ya Uingereza yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa katika mageuzi makubwa. Mwaka 1840 nchi hiyo ilianzisha utaratibu wa kutuma barua popote ndani ya mipaka yake kwa senti moja ya Kiingereza, iliyolipwa kabla kwa stempu. Mwaka 1853, mwaka mmoja tu kabla ya Perrott kujenga rundo lake, nguzo za kwanza za kutumbukizia barua kandokando ya barabara zilisimamishwa katika Uingereza bara, baada ya kujaribiwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1852. Na kuanzia Oktoba 1870 kukawa na postikadi, kadi isiyohitaji bahasha na ya bei nafuu kuliko barua. Sanduku la kutumbukizia barua likawa alama ya maisha ya kila siku, na haikuwa ajabu kwamba watembeaji walianza kuichezea alama hiyo mahali ambapo mpeleka barua hakuweza kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1880 chombo cha kioo cha Cranmere kilipata mrithi, sanduku la bati, na taratibu desturi ikageuka: badala ya kuacha kadi ya jina, mgeni aliacha barua au postikadi iliyokwisha kubandikwa stempu, ikiwa na anwani yake mwenyewe au ya rafiki, na mgeni atakayefuata aliichukua, akashuka nayo hadi mjini na kuitia posta, baada ya kuacha ya kwake ingoje mwingine.

Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake. Mtu hakujua barua yake itakaa siku moja au majira mazima ya baridi, wala hakujua itachukuliwa na nani, na alipoipokea nyumbani aliweza kusoma katika muhuri wa posta siku ambayo mgeni mwingine alifuata nyayo zake na mji aliotokea. Mabaharia walikuwa wamefanya jambo linalofanana na hilo muda mrefu kabla, ingawa kwa shida na si kwa mchezo: mwaka 1501 João da Nova, nahodha wa Ureno aliyekuwa akielekea mashariki, alipata katika ghuba ambayo leo ni Mossel Bay, Afrika Kusini, barua iliyoachwa na Pedro de Ataíde, aliyekuwa akirejea kutoka India na msafara wa Cabral, uleule ambao mwaka uliotangulia ulitia nanga Kilwa na Malindi, na katika kisiwa cha Floreana, mojawapo ya visiwa vya Galápagos, wavuvi wa nyangumi wa karne ya 18 na ya 19 waliacha barua ndani ya pipa ili zichukuliwe na meli yoyote iliyoelekea kwao. Hakuna sababu ya kudai kwamba Perrott na wenzake waliiga pwani hizo. Kinachoziunganisha ni imani kwamba mpitaji asiyejulikana ataifanyia barua ya mwenzake kile ambacho angependa yake ifanyiwe, na imani hiyo ndiyo iliyobaki kuwa moyo wa desturi hata barua zenyewe zilipotoweka.

Mwaka 1905 kiliwekwa Cranmere kitabu cha wageni, na katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 20 likaingia jambo lililoonekana dogo ambalo baadaye lilikuja kutawala mchezo wote: muhuri wa mpira. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzipa barua alama ya mahali zilikotoka, kama ofisi yoyote ya posta inavyofanya, lakini mara mgeni alipotambua kwamba anaweza kupiga muhuri huo katika daftari lake mwenyewe na kwenda nao nyumbani, hakuhitaji tena kungoja barua imfikie. Ushahidi wa kufika, ambao hapo awali uliachwa nyikani kwa ajili ya wengine kuuona, sasa ulibebwa mfukoni. Miongoni mwa waliotia saini kitabu cha Cranmere alikuwamo Edward, mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, aliyefika huko mwaka 1921. Na mwaka 1937 gazeti la Western Morning News lilichangisha fedha za kujenga kisanduku imara cha mawe chenye mlango, ambacho ndicho kilichochukua nafasi ya vyombo vyote vilivyotangulia.

Kwa muda mrefu ajabu Cranmere haikuwa na wafuasi wengi. Sanduku la pili liliwekwa Belstone Tor mwaka 1894, na la tatu lilipatikana mwaka 1938 katika Ducks' Pool, kwenye mboji ya upande wa kusini, kwa kumbukumbu ya William Crossing, mwandishi aliyeishi kati ya 1847 na 1928 na ambaye mwongozo wake wa Dartmoor wa mwaka 1909 bado unatajwa na watembeaji kama kitabu cha kwanza cha kufunguliwa. Masanduku hayo machache hayakufichwa. Yalikuwa na mahali panapojulikana, yalitajwa katika vitabu, na kilichomzuia mtu kuyafikia ni tope, umbali na ukungu.

Lakini vizuizi hivyo vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka. Reli ilifika Moretonhampstead, karibu na Chagford, mwaka 1866, na Okehampton mwaka 1871. Jeshi, ambalo tangu robo ya mwisho ya karne ya 19 limetumia upande wa kaskazini wa nyika kufanyia mazoezi ya mizinga, lilijenga barabara kutoka kambi yake ya Okehampton kwenda ndani, na barabara hiyo, magari yalipoenea, ilifupisha sana mwendo wa kwenda Cranmere kwa siku ambazo hakuna kufyatua risasi. Ramani za serikali zikawa bora na za bei nafuu, buti na makoti ya mvua yakaimarika. Mahali ambapo mwaka 1854 palihitaji kiongozi na siku nzima, baada ya vita vya pili vya dunia palifikiwa na familia iliyotoka nyumbani baada ya kifungua kinywa. Hapo ndipo ilipo siri ya mageuzi ya desturi hii, ambayo wengi wa wanaoieleza huipita haraka kwa kudhani kwamba mafumbo yaliongezwa kwa ajili ya furaha tu: ugumu ulipotoka miguuni ilibidi utafutiwe makao mengine, na makao hayo yakawa maneno. Sanduku lililo karibu halina maana likionekana. Kwa hiyo likafichwa, na kwa kuwa limefichwa, likahitaji dokezo.

Mageuzi yenyewe yalikuja kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1970, wakati masanduku yalikuwa bado ya kuhesabika, Tom Gant alichapisha ramani iliyoonyesha yalipo, na kilichokuwa siri ya watembeaji wachache kikawa burudani ya mwisho wa juma kwa maelfu. Kila aliyeyapata yale ya zamani alitaka kuweka lake. Katika miaka ya 1980 iliundwa klabu iitwayo 100 Club, ambayo sharti lake la uanachama lilikuwa moja tu, kupata masanduku 100 ya Dartmoor, na klabu hiyo ikaanza kutoa orodha ya vidokezo vilivyotumwa na wenye masanduku. Baada ya miaka michache tu masanduku yalihesabiwa kwa maelfu. Mengi hayakuwa na umbo la sanduku: makopo ya risasi yaliyotumika jeshini, mitungi ya plastiki, vikebe vya filamu za kamera na vichupa vya vidonge, chochote kisichopitisha maji na chenye nafasi ya muhuri, kisahani cha wino na daftari dogo.

Dokezo la kawaida la Dartmoor lina ufundi unaohitaji maelezo. Mwenye kuficha husimama pale alipoficha, huelekeza dira kwenye vitu viwili au vitatu vinavyoonekana kwa mbali, kwa mfano kilele cha mawe, mnara wa kanisa au mti uliosimama peke yake, na kuandika mwelekeo wa kila kimoja kwa nyuzi, yaani sehemu 360 za duara zinazohesabiwa kutoka kaskazini kwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa. Kisha huongeza maneno ya kumalizia, kama vile hatua kumi na mbili juu ya mwamba wenye ufa, chini ya jiwe linalofanana na mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mtafutaji hana budi kulifanya jambo hilo kinyumenyume, kwani hajui alipo mwenye kuficha, anajua tu alichokiona. Akiwa na ramani huchora mistari kutoka kwenye vitu vilivyotajwa na kutazama inapokutana. Asipokuwa nayo hutembea mpaka kilele cha kwanza kikae katika nyuzi zake, kisha husogea juu ya mstari huo mpaka cha pili nacho kikae. Vitu viwili vinavyokaribiana mno machoni hutoa mistari inayokatana kwa pembe nyembamba, na kosa dogo la dira huwa kosa kubwa la miguu, hivyo mwandishi mwema wa vidokezo huchagua alama zilizoachana, na mwandishi mkorofi huchagua kinyume chake kwa makusudi.

Kuna tatizo jingine ambalo hakuna aliyelikusudia. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani bali kaskazini ya sumaku, na kaskazini hiyo husogea polepole mwaka hadi mwaka. Katika miaka ya 1980 tofauti baina ya hizo mbili ilikuwa nyuzi kadhaa kusini-magharibi mwa Uingereza, na katika karne hii imepungua hadi karibu kuisha. Dokezo lililoandikwa kwa dira wakati huo, likafuatwa kwa dira leo bila kusahihishwa, linampeleka mtu pembeni: nyuzi 5 tu, kwa kilele kilichoko umbali wa kilomita moja, ni zaidi ya mita 80, na katika mteremko uliotapakaa mawe ya graniti yanayofanana, mita 80 zinatosha kupoteza alasiri yote. Fumbo limekuwa gumu lenyewe, bila ya mtu kuligusa.

Wapo pia wenye kuficha wasioridhika na nyuzi na hatua, na hao ndio waliolivuta dokezo karibu na kitendawili. Badala ya kutaja kilele kwa jina hulificha jina ndani ya maneno mengine, hulipanga katika beti zenye vina, huuliza kuhusu mtu wa zamani ambaye jina lake ni jina la daraja, au hutaka zijumlishwe tarakimu zilizochongwa kwenye jiwe la mpaka. Msomaji wa Kiswahili, aliyekua akisikia kitendawili kikitegwa na kuteguliwa barazani, ataona mara moja ujamaa wa sanaa hizi mbili, lakini hana budi kuona pia zinapoachana. Kitendawili cha barazani kina jibu linalojulikana na jamii, na aliyeshindwa hutoa mji na kupewa jibu hapohapo. Dokezo la sanduku lina jibu ambalo hakuna awezaye kulitamka, kwani ni mahali, na aliyeshindwa hurudi nyumbani na soksi mbichi bila ya mtu wa kumpa mji. Jibu sahihi halihitaji kuthibitishwa na mtegaji. Sanduku lipo chini ya jiwe au halipo.

Pamoja na orodha za klabu kulikuwa na masanduku yasiyoandikwa popote, ambayo habari zake zilitolewa kwa mdomo na kwa waliostahili tu, na mengine yaliyobebwa na watembeaji kutoka mahali hadi mahali, au hata kukaa mkobani mwa mtu mpaka aulizwe. Watafutaji wa kudumu walijichongea mihuri yao wenyewe, ambayo waliipiga katika daftari la sanduku kwa kubadilishana na ule wa sanduku. Vilevile desturi ya kutembea kwa ajili ya hisani iliingia: karatasi ya vidokezo vya masanduku yaliyowekwa kwa muda iliuzwa, na fedha zikaenda kwenye shughuli za msaada.

Wingi huo haukupokelewa vizuri na kila mtu, na ni haki kusema kwamba waliolalamika walikuwa na sababu. Dartmoor ina mabaki mengi ya makazi na makaburi ya enzi ya shaba, mistari ya mawe yaliyosimamishwa na duara za misingi ya nyumba, ambayo yana miaka zaidi ya 3,000, na kwa macho ya mtafutaji mwenye haraka rundo la mawe ya kale ni rundo la mawe kama mengine. Kulikuwa na waliochimba mboji, waliong'oa mawe ya kuta, waliokanyaga viota vya ndege wanaotaga chini. Mamlaka ya hifadhi na wenye ardhi wakajadiliana na watafutaji wenyewe, na matokeo yake ni kanuni ambazo klabu ilizieneza na kuzitumia kukataa masanduku yasiyofaa: sanduku lisiwekwe ndani ya mabaki ya kale wala ukuta wala jengo, lisifukiwe wala kujengewa kwa saruji, lisiwe mahali pa hatari, na mwenye kulipata alirudishe kama alivyolikuta, likiwa limefunikwa. Juu ya kanuni hizo kuna ile isiyo na majadiliano, yaani bendera nyekundu za jeshi, ambazo zikipandishwa mchana, au taa nyekundu usiku, hufunga sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini, ikiwamo Cranmere yenyewe. Mchezo ulioanza kama ushindi dhidi ya nyika ukawa, kwa njia ya kanuni hizi, mojawapo ya shule za kuifahamu: ni vigumu kumfundisha mtu kutofautisha duara ya nyumba ya kale na mawe ya kawaida mpaka awe na sababu yake mwenyewe ya kuangalia.

Nje ya Uingereza desturi hii ilichelewa kufika, na ilipofika ilivua buti. Katikati ya miaka ya 1990, katika bonde la mto Connecticut kati ya majimbo ya Vermont na New Hampshire nchini Marekani, ulianzishwa mpango wa Valley Quest kwa kuazima wazo la Dartmoor: wanafunzi waliandika vidokezo vyenye vina vya kumwongoza mgeni kupita kinu cha zamani, makaburi ya kijiji, daraja la mbao au shamba lililoachwa, na mwisho wa njia palikuwa na kisanduku chenye muhuri, daftari na maelezo ya historia ya mahali. Njia hizo nyingi ni fupi na tambarare, na hilo halikuwa upungufu, kwa sababu waliokusudiwa ni watoto wa shule na wazazi wao. Fumbo lilibeba mzigo wote, na kila ubeti uliotegwa ulimlazimu mtegaji mdogo kwanza ajue kinu kilisaga nini na nani alikuwa mwenyewe. Kama kuna mahali ambapo desturi ya Perrott ilipata maana ambayo Perrott hakuiota, ni hapo.

Kisha, Aprili 1998, jarida la Smithsonian lilichapisha makala kuhusu watafutaji wa Dartmoor, na wasomaji wake walioipenda habari hiyo wakaanza kuficha masanduku katika bustani za miji, misitu ya majimbo na vichochoro vya mji mkongwe wowote wenye sanamu na kibao cha kumbukumbu. Watafutaji wa Marekani walijipa majina ya njiani badala ya majina yao halisi, na walitilia mkazo ufundi ambao Dartmoor haikuutia sana, yaani kuchonga muhuri kwa mkono, mara nyingi katika kifutio cha kawaida cha penseli, mpaka ikawa kwa wengi wao sanduku linathaminiwa kwa uzuri wa mchongo kuliko kwa ugumu wa kufichwa. Nyuzi za dira zilibaki, lakini zikawa kiungo cha pembeni. Dokezo la Kimarekani hupenda hadithi, michezo ya maneno, na mafumbo ambayo hayamwambii mtu hata aanzie mji gani.

Miaka miwili tu baadaye kulitokea jambo ambalo lingeweza kuyafuta mafumbo yote. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani ilizima upotoshaji iliokuwa ikiuweka kwa makusudi katika mawimbi ya setilaiti za kuonyesha mahali, upotoshaji uliofanya vifaa vya raia vikosee kwa makumi ya mita, na siku iliyofuata Dave Ulmer aliacha ndoo yenye vitu vidogo katika msitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza tarakimu za mahali ilipo na kuwaalika wengine waitafute. Mchezo huo wa kutumia setilaiti, unaoitwa jiokeshingi, umewapita kwa mbali sana watafutaji wa masanduku ya barua kwa idadi, na ni rahisi kueleza kwa nini: kifaa humpeleka mtu yeyote hadi mita chache kutoka kwenye kitu, awe anaijua nchi hiyo au haijui, na kinachobaki ni kuinamia na kupekua. Hata hivyo wenye jiokeshingi wenyewe walianzisha mapema aina ya kifurushi kinachochanganya michezo miwili, chenye tarakimu kwa wanaozitaka na muhuri ndani yake kwa wanaoutafuta, na baadhi ya waficha wa aina hiyo hutoa tarakimu za mahali pa kuanzia tu, wakamwachia mtafutaji njia yote iliyobaki aitegue kwa maneno.